Risala ya Akina Mama wa Watoto Njiti, Ujiji, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto Njiti Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi mliopo meza kuu, itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni, karibuni sana Ujiji, tumeambiwa ratiba yako ni ndefu kwahiyo tunafupisha.

Kikundi chetu kilianza na akina mama wachache waliokutana wodini, leo hadi akina baba wanakuja. Mafanikio ni makubwa mno, tumeshona kofia za watoto, tumenunua ndoo ya kunawia mikono (koki imekatika ila ndoo ipo), na mama akijifungua kabla ya wiki 37 tunaenda kumwelekeza kangaruu, mtoto akae kifuani ngozi kwa ngozi.

Sasa mheshimiwa, lililotuleta ni fangasi. Sio hizi za vidole vya miguu unapaka krimu zinaisha, hapana. Mtoto wa chini ya kilo moja ngozi yake ni kama ganda la kitunguu, haijakomaa, ukibandua plasta inaondoka nayo, hapo ndo fangasi ya kandida inapata mlango, ikiingia kwenye damu inafika figo mpaka ubongo. Inaanza wekundu tu au vipele watu wanasema joto hilo, mtoto anaongezewa antibayotiki ambazo fangasi haizijali, tena zinaipa nafasi ya kustawi. Hata kijiti cha mbao cha kufungia mkono wenye dripu sio cha kuamini, mwaka 1996 madaktari wa Uingereza waliripoti njiti walioambukizwa fangasi kupitia vijiti hivyo.

Ombi letu ni moja, sindano za amfoterisini B, dawa ya kuua fangasi, ziwepo wodini muda wote, na maabara ya hapahapa mkoani iweze kuotesha sampuli ya damu na ya ngozi kuona kama fangasi ipo, maana dawa bila kipimo ni kubahatisha. Na hii dawa sio ngeni nchini, ndo inayotibu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi kwa wenye VVU, sasa njiti wamekosa nini?

Mgeni rasmi wa mwaka jana alisema "nimelichukua", wa mwaka juzi naye alilichukua, tunawashukuru sana wote wawili ila hadi leo hatujui walilipeleka wapi. Kwahiyo wewe mheshimiwa kwa heshima zote hatuombi ulichukue. Tunaomba utaje hapahapa kwenye maiki ni mwezi gani na tumfuatilie nani, katibu wetu ameshashika kalamu.