Watunzi wa kwaya, melodi kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Huku Jinja na hata Kampala tuna vijana wengi wanaotunga nyimbo za kwaya za sauti nne, besi, ile sauti ya chini kabisa, wanaipanga vizuri sana, ila melodi yenyewe, yaani ule mpangilio wa sauti unaouimba wimbo, ukishatoka kanisani hata huikumbuki, na hilo linaniuma kwa kweli.

Jamani melodi yenye nguvu haitaki noti nyingi. Sikilizeni ule wimbo wa furaha kwenye Simfoni ya 9 ya Beethoven, ya 1824, karibu noti zote zinapanda na kushuka hatua moja moja, mstari unarudiwa halafu mwisho wake tu ndo unabadilika, mtoto anaushika papo hapo! Noti ya juu kabisa nayo msiipige kila mstari, iwekeni pale penye neno zito. Na waimbaji wapate pa kuvuta pumzi.

Kwa sisi wa Uganda kuna kubwa zaidi, ukitunga kwa Luganda sikiliza toni za maneno kwanza, maana melodi ikishuka pale neno linapopanda msikilizaji anaweza kusikia kitu kingine kabisa. Mtunzi wetu Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio, yaani utungo mrefu wa kwaya wa kidini, ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani, ikaimbwa Roma 1964, na muziki wake ni wa Kiganda. Kwaya zetu ziisome hiyo.

Nawaomba walimu wenzangu, wanafunzi watunge melodi tupu kwa mdomo kwanza, kinanda baadaye.

Mwalimu wa kwaya, Jinja