Tuwaulize wagombea waliwahi kumtumikia nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze namna tunavyowachagua viongozi wetu huku Kusini. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Haimuulizi aliwahi kuwatumikia watu wapi. Swali hilo tumeachiwa sisi wapiga kura, nasi mara nyingi hatuliulizi.

Marehemu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, kabla ya kuingia Ikulu mwaka 1995 alikuwa amefanya kazi ya utawala Dodoma, amehariri magazeti, amekuwa balozi, waziri na mbunge wa Nanyumbu. Kassim Majaliwa wa Ruangwa alikuwa mwalimu, kisha mkuu wa wilaya, kabla ya ubunge mwaka 2010. Mtu anaweza kuyapinga maamuzi yao, ubinafsishaji wa enzi ya Mkapa ukiwamo, lakini hawezi kusema kuwa kazi ya umma ilikuwa ngeni kwao.

Hata hivyo, sizungumzii wingi wa vyeo, kwani wapo waliokalia ofisi miaka mingi bila kumjibu mwananchi hata mmoja. Uzoefu ninaoutaka ni wa mtu aliyewajibika: katibu wa chama cha msingi cha ushirika aliyesimama mbele ya wakulima kueleza kwa nini malipo ya mnada wa korosho yamechelewa na makato yamekwenda wapi, au mama aliyetunza sanduku la VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na kufunga hesabu mbele ya wanachama wote. Mtu kama huyo akiwa diwani, hahitaji kusimuliwa kwamba mkulima anayecheleweshewa fedha huku ada ya mtoto ikimsubiri ndiye anayeangukia mikononi mwa wanunuzi wa kangomba, wanaonunua korosho kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi. Salfa, dawa ya mikorosho, ikifika wakati ugonjwa wa ubwiriunga umeshaharibu maua, atauliza kwenye baraza la madiwani, wala hataridhishwa na jibu la kubabaisha, kwa kuwa majibu ya namna hiyo ameyasikia miaka yote.

Napendekeza kila mgombea aeleze hadharani kazi aliyowahi kuwafanyia watu na nani alikagua hesabu zake, kisha tukawaulize waliofanya naye kazi. Vyama navyo viyape maswali hayo nafasi mapema, kwenye kura za maoni, maana jina likishakatwa huko, mpiga kura hana uwezo wa kulirudisha.

Msomaji wako,
Newala, Mtwara