Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya, na neno kidogo kabla hujaandika malengo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kwa niaba ya familia yangu nawatakia wote Krismasi njema yenye amani, upendo na furaha, na Mwaka Mpya wenye heri na baraka tele. Walio safarini Mungu awafikishe salama, walio kitandani awaguse, waliofiwa awafariji. Najua wengi mtaishia hapo maana simu zenu sa hizi zimejaa salamu kama hizi, na wala sio vibaya. Mwenye dakika mbili abaki.

Mwaka huu umetubana jamani. Vitu vimepanda, mshahara uko palepale, kuna watu nawajua walianza Januari wakiwa na kazi na biashara na sasa hivi hawana hata kimoja, na bado wanatuma meseji za "Mungu ni mwema" na wanamaanisha kabisa. Sisi kwetu tumemzika mama. Sitaandika mengi kuhusu hilo, ila tulipokuwa tunapanga vitu vyake tulikuta daftari lake, lile la jalada gumu alilokuwa anatembea nalo kila sehemu, na humo ndani kaandika siku za wiki, chini ya kila siku kuna majina ya watu anaowaombea. Mimi nilikuwa Jumatano, nimepangwa pamoja na mtu mmoja aliyemkopa hela akapotea nazo. Ukigeuza ukurasa unakuta tarehe za kliniki, bili ya maji, nani anamdai na yeye anamdai nani, halafu ukurasa unaofuata ni majina tena. Hakuwa na daftari la Mungu na daftari la mambo yake. Lilikuwa hilohilo moja. Tangu hapo Jumatano kwangu sio siku ya kawaida, sijui nani anataja jina langu siku hiyo.

Basi hilo daftari ndo limenifanya niandike haya, kwa sababu wengi wetu tuna madaftari mawili. La Jumapili lina mistari na mahubiri, la Jumatatu lina bajeti, ratiba, miting na madeni, na hayajawahi kukutana. Tunakaa tunapanga mwaka mzima wenyewe, nyumba, ada, kiwanja, ndoa, kila kitu kimeshakaa sawa, ndo tunampelekea Mungu agonge mhuri. Hiyo sio kuomba, hiyo ni kumtaarifu. Halafu kikikwama mwezi wa tatu tunauliza mbona Mungu kaniacha, wakati hata hakuulizwa.

Wapo na wa upande wa pili nao, wale ambao ukiwauliza mipango wanakwambia "namwachia Mungu" na hawajaandika hata mstari mmoja. Hawa nao wasome Nehemia, yule Myahudi wa kwenye Biblia aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Alipata habari mbaya kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka, mwezi wa Kisleu, ambao unaangukia majira haya haya ya Novemba na Desemba, akalia, akafunga, akaomba, na hakwenda mbele ya mfalme na lile ombi la kwenda kuujenga mpaka mwezi wa Nisani, yaani kama miezi minne hivi. Lakini angalia siku mfalme alipomuuliza unataka nini. Kwanza aliomba moyoni hapohapo, kabla hajafungua mdomo. Halafu alipofungua mdomo, kila kitu kilikuwa tayari! Alitaja atakaa muda gani, akaomba barua za kuwaonyesha maliwali njiani, akaomba na barua ya kumpelekea Asafu mtunza msitu wa mfalme ili apewe miti, mpaka miti ya malango na ya nyumba atakayokaa mwenyewe. Mtu hapati majibu ya namna hiyo papo kwa papo kama hakukaa akapiga hesabu. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Kwa hiyo maombi hayakuchukua nafasi ya mpango, na mpango haukuchukua nafasi ya maombi.

Na kuna kitu kingine mimi hunigusa zaidi hata ya Nehemia. Marko sura ya kwanza, jioni watu wamejaa mlangoni, wagonjwa wanaponywa, kazi inakwenda vizuri kweli. Alfajiri sana bado giza Yesu anatoka peke yake kwenda kuomba. Wanafunzi wanamtafuta, wakimpata wanamwambia watu wote wanakutafuta. Sisi hapo tungerudi mbio, si ndo huduma imekua? Yeye akasema twendeni vijiji vingine. Yaani alitoka kwenye maombi akiwa anajua cha kuacha, na cha kuacha chenyewe kilikuwa kizuri. Ndugu yangu wewe uliye bize kila siku na kila simu ikiita unakwenda, kila kamati umo, hebu jiulize mara ya mwisho umeomba mpaka ukafuta kitu kwenye ratiba ni lini. Tunaomba Mungu atuongezee tu.

Ukiangalia hata Krismasi yenyewe, Yusufu na Mariamu hawakupanga ile safari ya Bethlehemu. Ilikuja amri ya Kaisari Augusto watu waandikwe, mama mjamzito akasafiri. Mpango wao uliharibika na ahadi ikatimia hapohapo. Mithali 16:9 inasema moyo wa mtu huifikiri njia yake, bali Bwana huziongoza hatua zake. Fikiri njia, umeruhusiwa. Ila na ile "Bwana akipenda" ya kwenye waraka wa Yakobo tusiiseme kwa mdomo tu huku moyoni tumeshaamua.

Kwa hiyo vijana, kabla hujaandika malengo ya mwaka nyamaza kwanza mbele za Mungu, usikimbilie kuyaposti. Wazazi, ombeni na watoto wenu juu ya ada na juu ya kodi, wasikie hela nayo inaombewa, wasidhani maombi ni ya kulalia tu. Mwenye biashara, ombea na ule mkataba unaojua kabisa una kona kona, uone kama utaweza kumaliza sala yako. Viongozi wa makanisa, msianze kikao kwa sala ya sekunde kumi halafu masaa manne mnagombana wenyewe kana kwamba mliyemkaribisha ameshaondoka. Tubadilike wapendwa, mwaka hauwi mpya kwa sababu kalenda imebadilishwa ukutani!

Haya, nimehubiri mpaka nimesahau nilikuwa natuma salamu. Nawatakia tena Krismasi njema na Heri ya Mwaka Mpya, Mungu awabariki, awalinde, aibariki kazi ya mikono yenu na awafanikishe katika yote. Na kama kuna mtu ana nafasi kwenye daftari lake, mimi naomba niwekwe Jumatano. Amina.