Kiwanja cha kikapu kioshwe na kupimwa kabla ya kupakwa rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wakazi wenzangu wa Dar es Salaam ambao, kama sisi wa mtaani kwetu, wanachangishana fedha za kupaka rangi upya viwanja vya wazi vya kikapu katika kipupwe hiki. Kazi hii naiunga mkono kwa moyo wote. Mtoto anayekulia kwenye kiwanja kilichofutika mistari hajui anatupa mpira kutoka umbali gani, na mwamuzi wa mechi za jioni hana cha kuonyesha anapoulizwa kama mtupo ulikuwa wa pointi mbili au tatu. Hata hivyo, nionavyo, michango mingi huishia kwenye ndoo za rangi, na siku ya kazi watu hufika na rola mkononi ilhali sakafu yenyewe haijaoshwa wala kupimwa.

Rangi haishiki juu ya vumbi, kuvu au mabaki ya rangi ya zamani yanayobanduka. Sakafu inapaswa kukwanguliwa, kusuguliwa kwa brashi ngumu na sabuni, kusuuzwa, kisha kuachwa ikauke kabisa. Palipobonyea hujulikana kwa urahisi: maji yakimwagwa na kuachwa kwa muda, madimbwi yanayobaki huzungushiwa chaki ili fundi ajue pa kusawazisha. Nyufa nazo zizibwe, lakini zege jipya lisipakwe rangi haraka. Kwa kawaida huachwa siku 28, kwa sababu unyevu uliomo ndani ukitafuta njia ya kutoka huinua rangi na kuitia malengelenge. Kwa hiyo wanaopanga kuanza Oktoba, vuli inapokaribia, wanajitafutia kazi ya kurudia.

Aina ya rangi nayo ni suala la usalama. Rangi ya mafuta tunayopaka milangoni hung'aa vizuri, lakini sakafuni huteleza pakiwa na umande au jasho, na anayeumia goti ni mchezaji. Inayofaa ni rangi ya akriliki ya sakafu za nje, inayochanganywa na mchanga laini ili kiatu kishike. Tena, kwa kuwa watoto wetu wengi huchezea peku, ningeomba eneo kubwa lisipakwe rangi nyeusi wala bluu iliyokolea, kwani saa nane mchana sakafu ya namna hiyo huunguza nyayo.

Sehemu inayoniumiza zaidi ni vipimo. Viwanja vingi vya zamani vina mistari ya kanuni zilizokwisha kubadilishwa, na mafundi rangi, kwa nia njema kabisa, hufuata alama walizozikuta. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIBA, lilileta mabadiliko yaliyoanza kutumika mwaka 2010: eneo la sekunde tatu, yaani lile la mbele ya kikapu ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde hizo, lililokuwa na umbo la trapeza, likawa mstatili wenye upana wa mita 4.9 na urefu wa mita 5.8, na mstari wa pointi tatu ukasogezwa kutoka mita 6.25 hadi mita 6.75. Nusu mita hiyo si jambo dogo kwa kijana anayejiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kwa maana mkono wake utakuwa umezoea umbali ambao hataukuta kwenye kiwanja cha mashindano. Kiwanja kizima kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, vikipimwa kutoka ukingo wa ndani wa mistari, na kila mstari una upana wa sentimita 5. Ili kujua kama kona zimekaa pembe mraba, kamba mbili huvutwa kimshazari, kila moja kutoka kona hadi kona iliyo mkabala. Zote mbili lazima zilingane, kila moja ikiwa na takriban mita 31.76. Fundi yeyote wa ujenzi anaijua njia hii, na yeye ndiye anayepaswa kuongoza kazi hadi mistari yote ichorwe kwa chaki.

Jambo la pili kuhusu mistari ni haki ya wasichana. Sakafu nyingi za shule na mitaa hutumiwa pia kwa netiboli, ambayo kiwanja chake ni kikubwa kidogo, mita 30.5 kwa mita 15.25, nacho hugawanywa sehemu tatu. Wapenzi wa kikapu wanapopaka upya bila kuwauliza wachezaji wa netiboli, mistari yao hufunikwa, na mchezo uliokuwa na nafasi yake alasiri hukosa pa kuchezwa. Rangi moja ya tofauti inatosha kuiweka mistari ya michezo yote miwili pamoja.

Michoro mikubwa ya kupendeza siipingi. Kiwanja cha mtaa wa Duperré jijini Paris, kilichobanwa kati ya majengo, kimekuwa maarufu kwa rangi zake tangu 2009, nacho kimepakwa upya mara kadhaa tangu wakati huo. Lakini Project Backboard, mradi wa Marekani unaojulikana leo kwa viwanja vyenye michoro ya wasanii, ulianza kwa kuchora mistari iliyokosekana kwenye viwanja vya bustani za umma mjini Memphis, mji ambao timu yake ilimchagua Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet akiwa wa 2 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wa mwaka 2009.

Nawaomba wenyeviti wa serikali za mitaa waitishe kikao kimoja kabla rangi haijanunuliwa, wawepo makocha wa kikapu, wachezaji wa netiboli na fundi mmoja wa ujenzi. Sehemu ya michango itengwe kwa ajili ya mafagio, maji ya kuoshea na marudio ya mistari mwakani. Mfadhili anayetaka nembo yake ionekane apewe nafasi nje ya mistari. Siku ya kupaka rangi itangazwe baada ya fundi huyo kuikagua sakafu na kuthibitisha kwamba imekauka.

Wako,
Mkazi wa Temeke, Dar es Salaam