Ukali wa mlima: tupige hesabu kabla ya kuchagua mbio

Wakimbiaji, habari za jioni. Tangu jana tunabishana hapa ni mbio zipi zina mlima mkali zaidi, na kila mtu anataja urefu wa kilele tu. Kilele hakitoshi. Chukua mita za kimo mnazopanda, gawanya kwa mita za njia ya kupandia, zidisha kwa 100, mpate ukali kwa asilimia.

Mbio za mlima Ben Nevis kule Scotland ni kilomita 14 kwenda na kurudi, kupanda ni takribani mita 1,340. Ukigawanya kwa 14,000 unapata karibu asilimia 10, na hapo ndipo wengi wetu tulikosea. Kupanda ni nusu ya njia, yaani kilomita 7. Kwa hiyo ni asilimia 19! Kwenye mbio za kijiji cha Fully, Uswisi, wanapanda mita 1,000 ndani ya kilomita 1.92 tu: asilimia 52. Pale watu wanashika fimbo na kutembea kwa nguvu.

Jambo jingine linaloniuma: wastani unaficha. Tuseme njia ya kilomita 5 inapanda mita 400, asilimia 8. Kumbe kilomita 3 za mwanzo zinapanda mita 60, halafu 340 zote ziko kwenye 2 za mwisho. Hiyo ni asilimia 17, na miguu imeshachoka.

Jumamosi kila mmoja aje na saa yake ya kupima kimo. Tutaandika kimo kila baada ya mita 500. Wenye simu tu, njooni pia, tutalinganisha. Saa 12 kamili asubuhi, tafadhali.