Aliyepigwa mionzi kichwani apimwe homoni

Mhariri,

Wagonjwa wa saratani wa Kigoma hufuata mionzi hospitali za Bugando au Ocean Road; wakirudi Ujiji au Kasulu, faili linafungwa. Lisifungwe. Mionzi ya kichwani, hata ile ya saratani ya nyuma ya pua, huweza kuumiza tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na madhara huja polepole, pengine baada ya miaka 10. Kwa kawaida homoni ya ukuaji hutangulia kupungua: mtoto harefuki, wazazi wanalaumu lishe.

Kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ya shingoni, peke yake hudanganya, maana hutoka kwenye pituitari hiyohiyo iliyoumia. Iombwe pamoja na T4 huru, homoni ya tezi ya shingoni yenyewe. Kotisoli, homoni inayosaidia mwili kuhimili maradhi, ipimwe saa 2 asubuhi. T4 na kotisoli zote zikiwa chini, haidrokotisoni (dawa ya kufidia kotisoli) itangulie, thairoksini (ya kufidia T4) ifuate. Ukigeuza mpangilio huo, presha inaweza kuporomoka.

Linaloniumiza zaidi ni homa. Anayemeza haidrokotisoni akishikwa na malaria, azidishe dozi mara mbili au tatu. Akitapika, mtu mzima achomwe sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 papo hapo, na dripu ya chumvi. Sindano hiyo isikosekane kwenye zahanati zetu.

Mhudumu wa afya,
Kigoma Mjini