Harambee ya Nukta: Tuisaidie Shule ya Jirani Zetu Waashuri

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, akina mama, vijana wa kwaya, na ninyi mnaosoma ujumbe huu kazini huku mmeificha simu chini ya meza: kamati ya harambee inawasalimu.

Tunatafuta dola 4,800 kabla ya tarehe 1 Aprili. Si za kwetu. Zulia la madhabahuni litasubiri, na spika inayokoroma nayo itasubiri. Hizi ni za shule ya Jumamosi ya jirani zetu Waashuri, inayofundisha watoto wao lugha yao katika chumba cha chini cha kanisa lao, hapa hapa kaskazini mwa Chicago.

Wengi mnakumbuka ile baridi ya mwaka juzi, jengo tulilopanga lilipokosa joto na mwenye jengo akawa hapokei simu. Jumapili iliyofuata tulisali kwenye ukumbi wao. Hawakutuuliza sisi ni dhehebu gani. Mzee mmoja alitukabidhi funguo, akatuonyesha swichi za taa, kisha akainua birika akasema, "Chai?" Tukacheka wote, maana hilo halikuhitaji mkalimani. Tulikaa wiki tisa, na hawakuchukua hata senti.

Mwezi uliopita nilishuka darasani kwao. Mwalimu ni mama wa makamo, wanafunzi wanamwita Rabi, ndivyo Waashuri wanavyomwita mwalimu yeyote. Alinipa kitabu chao cha kusomea. Ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Sasa hati yao ina herufi 22, inaanza na Alap, na irabu zake ni nukta zinazowekwa juu au chini ya herufi. Aliyepita chuoni akasoma Kurani utotoni atanielewa haraka. Mashine imezila nukta. Pengine uchafu wa kioo umeongeza nukta ambayo haikuwahi kuwepo. Mtoto wa miaka saba hivi alisoma neno, Rabi akatikisa kichwa, mtoto akabisha kwa Kiingereza kwamba nukta ipo, hii hapa. Rabi akaikwangua kwa ukucha, haikutoka. "Hii siyo nukta," akamwambia, "hii ni wino tu."

Nilipanda ngazi nikijisemea kwamba hilo nitalipeleka kwenye kamati.

Kwa wasiowajua: Waashuri ni watu wa Ninawi, ile ile ya Nabii Yona. Wiki tatu kabla ya Kwaresima bado wanafunga siku tatu kukumbuka toba ya mji huo. Lugha yao wanaiita Sureth, na mizizi yake ni Kiaramu, lugha ya yale maneno "Talitha, kumi" tunayoyasoma katika Marko 5:41 bila kujiuliza ni ya nani. Baba kwao ni baba. Na hili neno letu "kasisi" limetufikia kwa njia ya Kiarabu likitokea kwao: qashisha, yaani mzee. Kwa hiyo tuna deni la ukumbi na deni la neno.

Kwenye kikao ndugu mmoja aliuliza swali ambalo najua wengi mnalo moyoni. Hawa wanafukiza ubani, ibada yao ni ndefu na ya lugha ya kale. Je, si tungewaleta kwanza kwenye wokovu, msaada ufuate? Namheshimu kwa kulisema waziwazi. Jibu langu ni refu kidogo, nivumilieni.

Watu hawa wametafutwa na kila mwenye dini ya kugawa. Karne ya 16 sehemu yao ilijiunga na Roma, nao wakaja kuitwa Wakaldayo. Mwaka 1835 Waprotestanti wa Marekani walifungua misheni Urmia, Uajemi. Wakaja mapadri Wakatoliki wa shirika la Walazaristi kutoka Ufaransa, wakaja Waanglikana, na mwaka 1898 maelfu wakaandikishwa chini ya Kanisa la Urusi wakitumaini kulindwa na mfalme wake. Niseme haki: wamisheni wa Urmia walileta mtambo wa chapa mwaka 1840, na mwaka 1849 wakaanza gazeti kwa lugha ambayo watu waliizungumza nyumbani. Bila wao huenda Sureth isingeandikwa hivyo. Lakini kila msaada ulikuja na daftari la uanachama, na ndugu wa damu moja wakaanza kuitana kwa majina ya makanisa. Sisi tuliotoka vijiji ambako mlima mmoja ni wa Walutheri na wa pili ni wa Wakatoliki tunajua hali hiyo.

Halafu kuna kubadilishwa dini kwa upanga. Mauaji ya mwaka 1915 wanayaita hivyo hivyo, Sayfo, upanga. Ujumbe wao kwenye mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919 ulitaja watu 250,000 waliouawa. Hesabu hiyo haina wale waliobaki hai kwa kuchukuliwa. Rabi aliniambia kuhusu dada wa bibi yake, msichana aliyechukuliwa njiani, akapewa jina jingine, dini nyingine, akaolewa. Miaka mingi baadaye familia ilisikia kwamba yu hai na ana wajukuu. Wajukuu hao hawajui neno moja la Sureth, wala hawajui kwamba wangepaswa kulijua. Agosti 1933 yakafuata mauaji ya Simele, kaskazini mwa Iraki.

La karibuni tumelishuhudia sote. Julai 2014 kundi lililojiita Dola ya Kiislamu liliwatangazia Wakristo wa Mosul wasilimu, walipe jizya (kodi ya wasio Waislamu), au waondoke. Ikifika saa sita mchana tarehe 19, ni upanga. Kuta za nyumba zao zikachorwa herufi nuni, ya Nasara, yaani Wakristo. Agosti mji wa Wakristo wa Qaraqosh ukahama usiku mmoja, na maelfu wakalala kwenye viwanja vya makanisa ya Ankawa, karibu na Erbil. Ndugu zetu Waislamu mnaosoma hapa (najua mpo, na mlichangia msiba wa juzi) mnajua kwamba watu hao hao tarehe 24 Julai waliulipua msikiti wa Nabii Yunus. Hawakuwa wakimtetea mtu yeyote.

Kabla ya 2003 Wakristo wa Iraki walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya laki tatu. Na hata karatasi inabadilisha dini: kwa sheria ya kitambulisho ya Iraki ya mwaka 2016, mzazi mmoja akisilimu, watoto wake wadogo wanaandikwa Waislamu.

Chicago hakuna anayemshikia Mwashuri panga. Kijana wao anaokoka kwenye kanisa la Kiingereza, kanisa zuri, bendi nzuri, anaoa huko, na watoto wake wanamjua bibi kwa picha. Sisemi amekosea. Mtu ana haki ya kubadili dini. Mimi mwenyewe nilitoka kwenye dini ya wazazi wangu na sijuti. Ila siku ya ubatizo niliambiwa jina la babu yangu ni la kishenzi, nikaliacha pale pale mtoni. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mwanangu wa kwanza ameniuliza juzi babu huyo aliitwa nani, nikajikuta nalitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetubu.

Basi msimamo wa kamati ni huu: pesa hii haina ndoano. Hatutachomeka trakti ndani ya vitabu, hatutaweka jina letu kwenye jalada, na siku ya kukabidhi hakuna mahubiri, hata ya dakika tano. Mchungaji amekubali. (Alicheka, lakini amekubali.)

Hesabu yenyewe: vitabu 120, vyenye nukta safi, mchapaji ametupa bei ya dola 15 kila kimoja, jumla 1,800. Nauli na posho ya walimu wawili, Septemba hadi Juni, dola 2,000. Vinasa sauti na meza za watoto, 1,000. Vinasa sauti ni wazo la Rabi: wazee wao wametoka vijiji tofauti, vya Hakkari, Uturuki, na vya bonde la Khabur, Syria, kila kijiji na lafudhi yake, na mwaka huu tu amezika wanne.

Tunaomba kila nyumba dola 40. Asiyenazo alete 5, aandikwe sawa na wengine. Mnaofanya zamu ya usiku mnaweza kutuma kupitia kiongozi wa jumuiya yenu. Mama mmoja wetu wa kutoka Fizi, Kongo, tayari ametoa 100, nilipomshukuru akaniambia, "Kibembe changu kimebaki cha kugombezea watoto tu. Acha wenzangu wawahi."

Mnada utakuwepo. Mwaka jana mkungu mmoja wa ndizi kutoka Devon Avenue uliuzwa mara nne, na aliyeununua mwisho akauacha kanisani ukaoza. Safari hii atakayeshinda ataubeba.

Tunakutana Jumamosi ya mwisho kabla ya tarehe 1 Aprili, ambayo ndiyo mwaka mpya wao, Kha b-Nisan, saa nane mchana, kwenye ukumbi wao. Watakuwa kwenye mfungo wa Kwaresima, kwa hiyo tafadhali msilete nyama, maziwa wala mayai. Sombe (kisamvu) ipikwe kwa mawese bila samaki, maharage yanatosha. Wao wameahidi kuleche, vile vibiskuti vya tende, vya mafuta bila siagi. Mweka hazina atakaa karibu na mlango wa kulia na kitabu cha risiti. Njooni na chenji, mwaka jana alikosa.